Naombeni msaada: kompyuta ya mezani haitaki kulala, uniti za LUKU zinaisha

BintiUjiji:
Assalaam alaykum wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Ujiji. Nachapa barua, mikataba ya nyumba, CV na mitihani ya shule za jirani. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, Core 2 Duo yenye RAM giga 4, ina Windows 10. Kazi zangu zote inazimudu, ila hailali.

Nimeiwekea ilale baada ya dakika 15 isipoguswa. Lakini boksi linaendelea kuunguruma, taa ya mbele inawaka na feni inazunguka. Nikienda kuswali na kula mchana, nikirudi saa nzima baadaye naikuta macho. Nikiilaza mwenyewe kwa kuchagua "Sleep" kwenye menyu, inazima vizuri kabisa, feni inanyamaza, nahesabu moja mpaka nane au tisa, halafu inaamka. Sijagusa kitu.

Nilimpelekea fundi mmoja akakaa nayo siku mbili, akaniambia mazabodi imechoka, nitafute laki na nusu ibadilishwe. Imeniuma, maana hiyo ndiyo hela ya kodi ya fremu. Kuizima na kuiwasha kila mteja akija siwezi, inachukua karibu dakika nne mpaka Word ifunguke, na mteja hangoji.

Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Natanguliza shukrani.

Kaka_Gungu:
Pole sana dada. Piga Windows upya, matatizo ya hivi mengi huisha hapo. Na kama inawezekana weka 11, maana Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mzee_wa_Waya:
Mkuu Kaka_Gungu, 11 kwenye Core 2 Duo haiwezi. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa za miaka ya karibuni. Na tusimwambie apige Windows upya wakati mashine ina mitihani ya shule na mikataba ya watu. Tuulize kwanza nani anaizuia.

Binti yangu, swali la kwanza: ikiamka, Word na kila ulichokiacha wazi unavikuta palepale? Kama ndiyo, mazabodi yako inajua kulala na inajua kuamka. Usitoe hata shilingi.

La pili, hapo una matatizo mawili, usiyachanganye. Moja ni kwamba hailali yenyewe. Jingine ni kwamba ukiilaza inaamka. Mara nyingi kila moja lina mchawi wake.

Windows yenyewe inajua majibu. Kwenye sehemu ya kutafuta andika cmd, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Run as administrator". Likifunguka lile dirisha jeusi, andika hizi moja baada ya nyingine, na kila moja uniletee ilichojibu:

powercfg /a
powercfg /requests
powercfg /lastwake
powercfg /devicequery wake_armed

Ya kwanza inasema mashine inaweza kulala kwa namna gani. Ya pili inataja anayeizuia isilale muda huohuo, kwa hiyo iandike wakati umeiacha kama unavyoiacha siku zote, usifunge kitu. Ya tatu inataja kilichoiamsha mara ya mwisho, kwa hiyo iandike mara tu baada ya kuamka. Ya nne inaorodhesha vifaa vyote vyenye ruhusa ya kuiamsha.

BintiUjiji:
Baba shikamoo, Mungu akubariki. Ndiyo, ikiamka navikuta vyote palepale.

Nimefanya kama ulivyosema. Ya kwanza imeandika kuwa S3 ipo. Ya pili, kila mstari umejibu "None" isipokuwa kwenye DRIVER, pameandikwa srvnet pamoja na maneno marefu kuhusu kompyuta nyingine iliyoomba kitu. Ya tatu imetaja mambo ya USB. Ya nne imetaja mausi, kibodi na kadi ya mtandao.

Mzee_wa_Waya:
Marahaba. Umeona sasa, imesema yenyewe.

S3 ndio usingizi wa kweli: prosesa na feni zinazimwa, RAM pekee inabaki na umeme kidogo kushikilia kazi zako. Kwa hiyo kulala inaweza.

Hiyo srvnet ni sehemu ya Windows inayohudumia mafaili na printa mnazogawana kwenye mtandao. Kuna kompyuta nyingine hapo dukani?

BintiUjiji:
Ipo. Mdogo wangu ana laptopu chumba cha nyuma, anafungua folda ya kazi za wateja iliyo kwenye mashine yangu, na anachapisha kupitia printa iliyochomekwa kwangu. Tumeunganisha mwaka huu.

Mzee_wa_Waya:
Na kuikuta macho kumeanza mwaka huu?

BintiUjiji:
Naam. Sikuwahi kuviunganisha hivyo viwili kichwani.

Mzee_wa_Waya:
Basi huyo ndiye wa kwanza. Laptopu yake ikiwa na ile folda wazi, kila mara inabisha hodi kwako kuangalia kama kuna faili jipya. Kila inapobisha, Windows yako inajiambia kuna mtu anahudumiwa, isilale. Hodi inagongwa mchana kutwa.

Akimaliza kazi afunge folda, hiyo ndiyo dawa nyepesi. Asipokumbuka, andika kwenye lile dirisha jeusi:

powercfg /requestsoverride driver srvnet system

Hapo unaiambia Windows isimhesabu huyo. Ila jua gharama yake: yako inaweza kulala yeye akiwa katikati ya faili. Mwambie anakili faili kwake kwanza, afanyie kazi hukohuko, kisha alirudishe. Ukitaka kuondoa amri hiyo siku nyingine, iandike tena bila neno system la mwisho.

Sasa la kuamka. Chomoa mausi kabisa. Kwenye kibodi bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, achia, bonyeza U, kisha S. Hapo inalala. Kaa nayo dakika tano, utueleze.

Mwana_wa_Isevya:
Wakuu, natokea Tabora, niruhusuni niongeze langu kwa faida ya watakaosoma baadaye. Yangu ilikuwa tofauti kidogo. Nikiilaza, monita inazima ila feni haikomi. Kumbe kila umeme ukikatika saa na tarehe vilikuwa vinarudi nyuma miaka, nami narekebisha tu kila asubuhi. Kilichokufa ni betri ndogo ya mviringo kwenye mazabodi, CR2032 ya volti 3. Ikifa, mipangilio ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows, inarudi ya kiwandani, na kwenye mashine yangu ya kiwandani ilikuwa S1, usingizi mwepesi, badala ya S3. S1 hailazi feni. Nilinunua betri kwa wauza saa, nikaweka S3 kwenye BIOS, ikatulia mpaka leo.

Mwingine akikuta "Sleep" haipo kabisa kwenye menyu, aangalie draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Windows ikiwa inatumia ile draiva ya jumla inayoitwa "Microsoft Basic Display Adapter", chaguo la kulala mara nyingi linapotea mpaka uweke draiva yenyewe.

BintiUjiji:
Kaka wa Tabora ahsante, saa yangu iko sawa, hairudi nyuma.

Baba, nimechomoa mausi nikailaza kwa kibodi. Imelala dakika ishirini nzima! Nilikaa nayo pale sijaamini. Nikachomeka mausi, nikailaza tena, ikaamka baada ya muda mfupi kama zamani.

Nikakumbuka kitu. Meza yangu ina kioo juu, na chini ya kioo nimepanga bei na vipicha vya paspoti. Nikaweka mausi juu ya kioo bila kuigusa, nikainama kuangalia mshale kwa makini. Unatetemeka. Unasogea nywele moja kulia, unarudi. Nilikuwa nauona siku zote nikidhani ni macho yangu yamechoka.

Mzee_wa_Waya:
Umeimaliza mwenyewe, binti yangu. Mausi ya taa inapiga picha ya uso wa meza mara nyingi kila sekunde na kulinganisha. Kwenye kioo inaona mang'aro tu, inadhani imesogezwa, na kila inapodhani hivyo inaamsha mashine.

Fungua "Device Manager", nenda kwenye mausi, ukurasa wa "Power Management", toa tiki kwenye sentensi ya kuruhusu kifaa kiamshe kompyuta. Kadi ya mtandao nayo itolee tiki hiyohiyo, maana laptopu ya ndugu yako inaweza kuiamsha kwa hodi zake. Kibodi iache, ndiyo utakayoiamshia.

Kaka_Gungu:
Mzee nimejifunza leo, ningempotezea mafaili bure. Nilipiga hesabu ya umeme ili dada aone. Tuseme mashine kama hiyo inakula wati 80 ikiwa macho bila kazi. Ikikaa hivyo saa tano kwa siku ni uniti 0.4, kwa siku 26 za kazi ni uniti kama 10. Ikilala inakula wati chache tu.

Nuru_Kibirizi:
Dada yangu, mimi nina hofu moja kwako. Kompyuta ya mezani haina betri ya kushikilia umeme. Ikiwa imelala na umeme ukakatika, kilichokuwa kwenye RAM pekee kimekwenda. Nilipoteza mkataba wa boti wa kurasa sita namna hiyo, nikauchapa upya usiku mwenye nao akisubiri mlangoni. Kabla ya kwenda kuswali bonyeza Ctrl na S kwanza, hata kama unarudi sasa hivi.

Mzee_wa_Waya:
Nuru amesema la maana sana. Windows kwenye mashine za mezani kwa kawaida ina usingizi mchanganyiko, unaoandika nakala ya RAM kwenye diski kabla ya kulala, umeme ukikatika unaendelea pale ulipoachia. Lakini unahitaji haibanesheni, yaani uwezo wa kuhifadhi kazi za RAM kwenye diski, iwe imewashwa, na mafundi wengi huizima ili kupata nafasi. Andika powercfg /h on, kisha kwenye mipangilio ya umeme ya ndani hakikisha "Allow hybrid sleep" iko "On". Kwa RAM giga 4 faili lake linachukua kama giga 1.6 za diski. Usiku ukifunga duka, usiilaze, izime kabisa.

BintiUjiji:
Mrejesho wakuu. Leo ni siku ya tatu. Nimetoa tiki kwenye mausi na kadi ya mtandao, nimewasha haibanesheni, na chini ya mausi nimeweka jalada gumu la kalenda ya zamani, mshale umetulia tuli. Mdogo wangu anafunga folda akimaliza, ile amri ya srvnet sijaitumia bado.

Mchana nimerudi kutoka kuswali nikakuta duka kimya, taa ya boksi inapepesa polepole. Kuna mama alikuwa anangoja barua ya kuombea mwanawe uhamisho. Nimegusa kibodi, barua yake ikaja pale nilipoiachia, kwenye aya ya pili.

Hela ya kodi nimeshaipeleka kwa mwenye fremu.