Klabu yetu inakaribia kupanda ligi kuu, nami mhazini sipati usingizi: naombeni ushauri

Mweka_Hazina
Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni mhazini wa klabu ndogo ya soka iliyobakiza mechi tatu, na ikishinda moja tu itapanda ligi kuu kwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita mkaguzi wa leseni ya kushiriki ligi kuu alikuja usiku, akasimama kwenye alama ya penalti na kifaa chake cha kupimia mwanga, akaandika namba, akahamia kwenye kibendera cha kona, akaandika tena huku akitikisa kichwa. Taa hazitoshi, viti havitoshi, na chumba cha waamuzi kinavuja. Fedha kidogo tulizonazo tuzitangulize kwenye uwanja au kwenye usajili?

Beki_Mstaafu
Usajili kwanza, ndugu yangu. Niliwahi kupanda daraja na timu iliyobaki na kikosi kilekile, na mshambuliaji wetu, ambaye huko chini alifunga karibu kila wiki, alicheza mechi tisa bila kupata mpira wa maana ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti. Hadi leo namkumbuka akifungua kamba za viatu vyake baada ya mechi, hasemi na mtu.

Bi_Hesabu
Pole kwa hayo, Beki, lakini bila leseni hakuna mechi ya kufungwa wala ya kufunga. Mwaka 2014 Eibar ya Hispania, klabu ya mji wa watu wapatao 27,000 na isiyokuwa na madeni, ilipanda La Liga, ligi kuu ya huko, kwa haki uwanjani, kisha ikaambiwa iongeze mtaji wake kwa takriban euro milioni 1.7, la sivyo ingeshushwa hadi daraja la tatu. Iliokolewa na mashabiki wa nchi nyingi walionunua hisa. Mhazini, kabla sijakushauri, niambie: mishahara inachukua sehemu gani ya mapato yenu?

Mweka_Hazina
Mishahara iko katika hali ya kawaida. Kinachonisumbua ni uwanja.

Bi_Hesabu
Hali ya kawaida si hesabu. Katika kila mia inayoingia, ngapi zinakwenda kwa wachezaji?

Mweka_Hazina
Kwa kuwa umenibana, zinakwenda zaidi ya mia. Katika dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu, tuliwaahidi wachezaji kumi mishahara maradufu kwa mikataba ya miaka mitatu, na ili tuweze kuwalipa tulikopa, kwa ahadi ya kurejesha kutokana na mgawo wa haki za matangazo wa msimu ujao. Naomba mnielewe, kwani klabu mbili zilikuwa zinawavizia, na bila wao tusingekuwa tunaongoza ligi leo.

Mzee_wa_Jukwaa_Kuu
Mwanangu, haraka haraka haina baraka. Bradford City ya Uingereza ilipanda mwaka 1999, ikanusurika kushuka siku ya mwisho, kisha kiangazi cha 2000 ikasajili kwa gharama kubwa kana kwamba ligi kuu ni mali yake. Ilishuka 2001, mwaka uliofuata ikawekwa chini ya usimamizi wa ufilisi, na kufikia 2007 ilikuwa daraja la nne. Viongozi wanaotafuta sifa za msimu mmoja huwaachia watoto wetu madeni.

Bi_Hesabu
Na Uingereza kuna fedha za kumpokea anayeanguka: klabu iliyoshuka hupewa asilimia 55 ya fungu la fedha za matangazo ambalo klabu zote za ligi kuu hugawana sawa, mwaka wa kwanza, kisha 45, na 20 mwaka wa tatu ikiwa ilidumu juu zaidi ya msimu mmoja. Hata hivyo Luton ya huko huko, iliyopanda 2023 na kulazimika kujenga upya jukwaa moja zima, ilishuka 2024, ikashuka tena 2025. Mikataba yenu ina kipengele cha kupunguza mshahara timu ikishuka?

Mweka_Hazina
Haina. Wachezaji walikataa, nasi tuliogopa kuwapoteza.

Mdadisi
Samahani, naona hadithi hii imetungwa. Benki gani itapokea kama dhamana mgawo wa ligi ambayo klabu haijaingia? Uzi ufungwe, tusipoteze muda.

Mweka_Hazina
Si benki. Aliyetukopesha ni mjumbe wa kamati yetu tendaji, na katika karatasi tuliyoandikishana, mgawo ukikosekana, yeye huchukua haki ya kuuza wachezaji wawili kwa bei atakayokubali mwenyewe. Nilikuwa sitaki kulisema hili kwa sababu na mimi nilitia saini.

Mdadisi
Basi naomba radhi, kwa maana jambo kama hilo mtu hatungi. Huyo mjumbe alipiga kura mlipoidhinisha mkopo wake mwenyewe?

Mweka_Hazina
Alipiga.

Bi_Hesabu
Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya taa na kabla ya usajili. Peleka karatasi hiyo kwa mwanasheria asiyeijua klabu, na omba mkopo ujadiliwe upya, mkopeshaji akiwa nje ya chumba. Mikataba yote kumi imekwisha kusainiwa?

Mweka_Hazina
Sita imesainiwa. Minne ninayo hapa mezani ndani ya bahasha, inasubiri saini ya mwenyekiti, na wachezaji wenyewe wanadhani ilikwisha kusainiwa.

Beki_Mstaafu
Waambie ukweli kabla ya mechi ya Jumamosi, ndugu yangu. Mimi ningependa kuambiwa.

Mweka_Hazina
Nitaanza na nahodha, kwa kuwa mkataba wake ni mmoja wa hiyo minne.