Tupeane uzoefu: mliofundishwa sayansi na mapadri Wajesuiti hapa Bukavu, ingieni

Mtoto wa Kadutu
Jana binti yangu ananiuliza kwa nini maharagwe ya hapa yanachelewa kuiva kuliko ya kwa nyanya yake Uvira. Nikasikia mdomo wangu unajibu kwa sauti ya mtu mwingine: "Hapa tuko karibu mita 1,500 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100! Rudia!" Padri wetu wa fizikia huyo. Tulishamzika, lakini bado ananisemea ndani. Aliyepita mikononi mwake aseme.

Nyuma ya Nyawera
Mimi namkumbuka kwa sifuri. Jibu sawa kabisa, umesahau kuandika nyutoni, sifuri. "Tano nini? Mbuzi?"

Mama Essence
Mbuzi!!! 😂 Na mimi nilipewa.

Yaya wa Nguba
Na AMDG je? Bila herufi hizo juu ya karatasi hasahihishi. *Ad Majorem Dei Gloriam*, kwa utukufu mkuu zaidi wa Mungu, hata kwenye zoezi la kuvunja molekuli ya maji. Usiku wa mwezi alitutoa na darubini yake tuangalie kreta ya Clavius, anajivuna: "Huyo ni Mjesuiti mwenzangu, alisaidia kutengeneza kalenda ya 1582." Sisi tulitaka kulala tu.

Hasira za Bagira
Msimgeuze mtakatifu. Mimi alinitoa darasani kwa sababu ya viatu vya tope. Mtu ameshuka Bagira kwa miguu, mvua ya mwezi wa nne, angekuja na viatu gani?

Nyuma ya Nyawera
Ungevivua mlangoni kama sisi wengine.

Hasira za Bagira
Wewe baba yako alikuwa na gari, nyamaza.

Interna 2004
Nilikuwa napita tu, lakini mmeniamsha. Mwanzo wa mwezi wa sita 2004, mji unachukuliwa. Sisi tuliobaki interna, yaani bwenini, Padri alituhamishia maabara, kwa sababu kuta zake ni za mawe na meza ni za saruji. Tukalala chini ya meza na harufu ile ya gesi. Mlipuko wa kwanza, mtoto mmoja wa darasa la chini akaanza kulia, wakafuata wote. Padri akaja anatambaa kwenye giza, magoti yanamlia. Akasema: "Mwanga mnauona papo hapo. Sauti inatembea mita 340 kwa sekunde. Mkiona mwanga, hesabuni." Dirisha likawaka. Tukahesabu kwa pamoja, moja, mbili, hadi sita. "Gawa kwa tatu." Kilomita mbili, Padri. "Basi huo si wetu. Tuendelee." Tuliendelea hivyo mpaka nikasahau kwamba nina njaa. Woga ulibaki palepale, ila midomo ilikuwa na kazi. Halafu ukaja mmoja, tukafika mbili tu. Hakuna aliyegawa. Yeye ndiye alisema, polepole, "mita 680, lalieni matumbo," akajitandaza juu ya wale wadogo wawili waliokuwa karibu na mlango. Asubuhi wenye silaha waliingia kutafuta simu na pesa. Mmoja akafungua kabati, akakutana na mifupa ya plastiki ya biolojia. Alitoka mbio kuliko sisi.

Mama Essence
Jamani. Nimelia na nimecheka.

Mzee Ibanda
Hiyo si 1996? Mwaka ule ndio vita iliingia, Askofu Mkuu Munzihirwa, naye Mjesuiti, akauawa Nyawera tarehe 29 Oktoba.

Interna 2004
Mzee wangu, kwa heshima yote, usinihamishie usiku wangu. 1996 nilikuwa nanyonya.

Mwana Goma
Alikuja kwetu likizo moja. Akatupeleka kwenye shimo la mazuku, ile gesi ya ardhini inayoua, akateremsha mshumaa kwa kamba, ukazimika. "Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini. Nani anatuma mtoto kuchota maji hapa?" Mama yangu alihamisha njia siku hiyohiyo.

Hasira za Bagira
Na ziwa letu Kivu litalipuka lini? Alitutisha na ziwa Nyos la Kamerun, lilitoa gesi hiyohiyo ikaua watu 1,700 hivi mwaka 1986.

Yaya wa Nguba
Hakutisha, alieleza. Metani iko humo, kama kilomita za ujazo 60. Ng'ambo Rwanda, Kibuye, wanatoa megawati 26 za umeme humo. Sisi tunanunua makaa.

Mwana Goma
Dawa ni kuhamia Kindu.

Mama Essence
Kindu kuna mbu. Bakini, mlale ghorofani.

Mtoto wa Kadutu
Turudi kwenye jambo. Nilipita pale maabara, hadubini zimebaki mbili, moja haina lenzi. Tuchange?

Nyuma ya Nyawera
Kwanza paneli za jua. Hadubini bila umeme utaangalia nini?

Interna 2004
Zile zina kioo chini, zinatumia mwanga wa dirisha. Ulikuwa darasa gani wewe?

Nyuma ya Nyawera
Kilatini na falsafa.

Hasira za Bagira
Nachanga dola kumi, ila sanduku lisishikwe na mtu wa kilatini.