"Endelea na dawa zilezile" siyo matibabu ya baridi yabisi!

Wakuu, leo naandika kwa hasira. Mama yangu ana baridi yabisi ya rumatoidi, ile inayokula viungo, na kila kliniki ni yaleyale: anakaa benchi tangu alfajiri, anaingia, dokta hajainua hata macho. "Mama, unaendeleaje? Haya, endelea na dawa zilezile." Basi! Vidole vimevimba mpaka vinang'aa, asubuhi hawezi kufunga kitenge, na anayemwandikia dawa hajamshika hata mkono.

Methotreksati yake, dawa kuu ya kutuliza ugonjwa huu, ni miligramu 10 kwa wiki tangu alipoanzishiwa. Hiyo ni dozi ya kuanzia jamani! Hupandishwa taratibu hadi 20 au 25 kwa wiki kadiri mwili unavyoihimili, na isipotosha huongezwa dawa nyingine. Ugonjwa ukiwa bado unawaka, mgonjwa anatakiwa apimwe upya kila mwezi 1 hadi 3, na miezi 3 ikipita bila nafuu, matibabu yabadilishwe. Kipimo chenyewe, DAS28, ni kuminya viungo 28 na kuhesabu vinavyouma na vilivyovimba, kisha kuingiza hesabu hizo kwenye fomula pamoja na ESR au CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha ukali wa uvimbe mwilini) na jinsi mgonjwa mwenyewe anavyojiona. Namba inayotoka ikishuka chini ya 2.6, ugonjwa umetulia. Faili la mama halina namba hiyo hata moja.

Maumivu yakizidi anaongezewa prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo ikitumika muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, halafu hakuna anayekumbuka kuipunguza. Uso umemvimba, presha imepanda. Nani amempima sukari? Nani amezungumzia mifupa?

Na damu je? Methotreksati inaweza kuharibu ini na kushusha chembe za damu, ndiyo maana picha kamili ya damu, ini na figo hupimwa kila baada ya wiki chache mwanzoni, baadaye kila miezi 2 au 3. Nilipouliza nikajibiwa, "Akijisikia vibaya ndiyo aje." Chembe nyeupe zinashuka kimyakimya, mtu anashtukia homa imeshamkamata!

Juzi dirisha la dawa wakamwandikia kwenye bahasha "4x1". Vidonge vinne kila siku, vya dawa inayomezwa mara moja kwa wiki! Hiyo inaua. Aliyeshtuka ni mama mwenyewe: "Mwanangu, mbona hizi huwa namezea Jumapili tu?"

Kliniki ijayo naingia naye, na sitoki mpaka viungo vimehesabiwa na fomu ya damu imeandikwa. Wenye wagonjwa kama huyu, wenu wanapimwa damu kila baada ya muda gani?