Nataka kutengeneza kaofisi nyumbani kwa vitu vya used hapa Mbeya, naombeni mawazo

BintiWaIsyesye

Wakuu habari za jioni. Naishi Isyesye hapa Mbeya, kazi yangu uhasibu, naandalia hesabu wafanyabiashara wadogo na vikoba kadhaa. Zamani nilikuwa na kameza kwenye fremu ya mtu pale Kabwe ila kodi imepanda nimeamua kazi zote nihamishie nyumbani. Kuna chumba kilikuwa stoo, futi kumi kwa kumi, dirisha moja linatazama upande wa mlima Loleza, sakafu ya saruji, ukuta ulipakwa chokaa miaka hiyo.

Bajeti ni laki tatu, na humo kuna meza, kiti, sehemu ya mafaili, taa, pazia na urembo kidogo maana wateja wengine watakuja hapa hapa na wengine tunaongea kwa video, sasa mtu akikuona nyuma yako kuna magunia ya mahindi hakupi vitabu vyake vya hesabu. Vitu vipya kwa hela hiyo haiwezekani ndo maana nataka used. Ninachoogopa ni kunguni na kuuziwa mali ya wizi. Halafu baridi, mwezi wa sita na wa saba vidole vinakufa ganzi hata kuchapa shida.

Nianze na kipi, kipi nisinunue used kabisa, na nikipambe vipi kisionekane stoo?

FundiMbao_Mafinga

Kamwene binti. Mimi ni fundi seremala miaka mingi, nakwambia anza na kiti, meza baadaye. Watu wengi wanatumia hela yote kwenye meza nzuri halafu wanakalia kiti cha plastiki, baada ya miezi mgongo unalalamika. Wewe wa hesabu unakaa masaa mengi kuliko sisi, kiti ndo kinastahili hela.

Viti vya ofisi vya used vipo vingi ila usinunue kwa macho. Kikalie, kipandishe mpaka juu kabisa, kaa hapo dakika kumi unaongea na muuzaji mambo mengine. Kikishuka polepole jua ile jeki ya gesi imekwisha. Usikikatae hapo hapo, tumia hiyo kushusha bei, maana dawa yake ipo rahisi: unachukua kipande cha bomba la plastiki la maji, unakipasua kwa urefu, unakata kimo unachotaka kiti kisimamie, unakivalisha kwenye ule mti wa chuma unaopanda na kushuka. Kiti hakishuki tena. Kitakuwa hakirekebishiki kimo lakini mkaaji si ni wewe peke yako. Ila ile jeki yenyewe usimruhusu mtu kuitoboa wala kuichomelea, ndani kuna gesi yenye presha. Kisha kipindue uangalie ile miguu mitano kama ina ufa, ya plastiki ikiwa na ufa achana nacho kabisa, siku itaachia umekalia.

Meza sasa. Huku kwetu mbao nyingi ni paina za Sao Hill, ni nyepesi na bei nafuu, meza ya paina inakufaa kabisa ila ipindue uangalie chini. Ukiona vitobo vidogo vidogo, igonge kwa kiganja, ikidondosha unga laini mweupe kama sembe basi wadudu bado wapo hai wanakula, usiingize hiyo kitu ndani kwako itahamia kwenye dari. Vitobo vikavu visivyodondosha kitu ni vya zamani, hapo usiogope sana. Kimo kizuri cha meza ni kama sentimita 72 mpaka 75. Ikiwa ndefu mwambie fundi akate miguu, ikiwa fupi wekea vipande vya mbao chini. Ukikaa, mkono ukunje kiwiko bila kunyanyua mabega. Usikubali kuambiwa utazoea.

MamaMaua_Tukuyu

Mdogo wangu karibu kwenye kazi za nyumbani. Kwanza wapi pa kupata. Kabla hujaenda sokoni sikilizia watumishi waliopata uhamisho, hao ndo wanauza vitu vizuri kwa haraka maana gari la kuhamisha linakuja kesho kutwa na vyote haviingii. Walimu, manesi, watu wa benki. Pia wanafunzi wa vyuo wakimaliza mwaka, pale MUST na vyuo vingine vya mjini, wanauza vimeza na vishelfu ili wasibebe mizigo kwenye basi. Mwambie mtu unayemfahamu akuweke kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaani, mimi nusu ya vitu vyangu vimetoka huko.

Mapazia nenda Sido au Mwanjelwa, siku wanayofungua belo la mapazia uwahi asubuhi. Chagua zito, lenye kitambaa cha ndani, maana hilo linazuia na baridi ya dirishani. Usiangalie kama limeliwa pindo kidogo, fundi cherehani anakata anashona upya linakuwa fupi la kukutosha dirisha lako.

Kunguni. Hapa naomba usome taratibu. Kitu chochote chenye kitambaa, sponji au mbao zenye maungio, kimulike na tochi ya simu kwenye mishono, chini ya kitako cha kiti, kwenye matundu ya skurubu, pembe za droo. Pitisha kadi ngumu kwenye ile mianya. Unatafuta vidoti vyeusi, magamba ya njano njano na mayai meupe madogo. Ukikuta hata kimoja, acha kiti hapo hapo dukani hata kiwe cha bure. Wengi wanasema nitakianika juani watakufa, jua letu la Mbeya huwezi kulitegemea, kunguni anakufa joto likifika kama nyuzi 50 mpaka ndani alipojificha, na baridi yetu ndo kabisa haimuui, inamfanya atulie tu, anaweza kukaa miezi bila kula. Vya chuma na plastiki ngumu mwagia maji yanayochemka kwenye maungio yote nje kabla hujaingiza ndani. Kiti cha kitambaa kama unakipenda sana toa sponji yote na kitambaa choma, fundi akuwekee sponji mpya. Ndo maana mimi napendelea kiti cha wavu au cha mbao kisha natengeneza mto mwenyewe.

Urembo nakuja kuandika baadaye napika.

Waya230

Dada umesahau kuuliza umeme. Extension usinunue used, hata wakupe bure. Huoni ndani imeungua kiasi gani, na wewe utachomeka kompyuta, printa na taa humo humo.

Taa za mezani na printa za mtumba nyingi zinakuja kutoka nje na nyingine zimetengenezewa umeme wa kwao. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi hapa 230. Geuza kifaa chini usome kibandiko, kikiandika 100-240V nunua kwa amani, kikiandika 100V peke yake ukichomeka ukutani kinakufa siku hiyo hiyo na kinaweza kuwaka moto. Muuzaji atakwambia nimejaribu kinawaka, muulize amejaribu na nini.

Na hili la baridi naomba kila mtu wa nyanda za juu alisikie. USIINGIZE JIKO LA MKAA kwenye hicho chumba ukafunga dirisha. Ule moshi usioonekana hauna harufu, mtu anajisikia kichwa kinauma, anasinzia, basi tena haamki. Hata mkaa ukiwa mwekundu kabisa hautoi moshi bado unatoa ile gesi. Vaa soksi mbili, weka zulia la mtumba chini ya miguu, chini ya zulia tandika maboksi makavu au kipande cha plaiwudi maana saruji ndo inakunyonya joto, jifunike kitenge au blanketi magotini.

MamaMaua_Tukuyu

Nimerudi. Waya230 ubarikiwe kwa hilo la mkaa.

Kabla ya urembo meza uiweke wapi. Umesema dirisha linatazama Loleza, kwa Isyesye huo ni upande wa kaskazini, una bahati sana, maana mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande huo na litakuingilia dirishani mchana. Weka meza ubavu mmoja uelekee dirisha, mwanga ukupige kutoka pembeni. Ukilipa dirisha mgongo, kwenye video utaonekana kivuli na kioo cha kompyuta kitang'aa mpaka macho yaume. Kama unaandika kwa mkono wa kulia basi mwanga utokee kushoto.

Ukuta wa chokaa unaacha unga kwenye nguo, ukwangue, upake rangi ya maji nyeupe inayoelekea maziwa. Hiyo nunua mpya, ndoo ndogo inatosha chumba hicho. Kabati na shelfu usizibandike ukutani kabisa, acha nafasi kama ya vidole vinne hewa ipite, mvua zetu kuanzia Novemba mpaka Aprili ukuta unavuta unyevu na mafaili yanaota ukungu kwa nyuma bila wewe kujua.

Shelfu usinunue. Tafuta yale masanduku ya mbao ya nyanya, yale yanayokuja na mzigo wa Ilula, wauza nyanya wanayo mengine yamechoka kidogo. Yaoshe na maji ya moto na sabuni, yaanike siku kadhaa, piga msasa mpaka uso uwe laini usichome vidole, pakaa vanishi, yapange moja juu ya jingine mengine yamelala mengine yamesimama, uyafunge kwa skurubu na moja la juu ulifunge ukutani lisije kuanguka. Mafaili ya boksi yanaingia humo vizuri, ila pima sanduku kwanza na faili mkononi.

Karatasi za kila siku weka kwenye vikapu vya Iringa, vile vya milulu. Kikubwa kimoja chini cha karatasi taka, viwili vya mfuniko kwa risiti za wateja. Vilivyochoka mpini vinauzwa bei ndogo na wewe mpini haukuhusu. Kalamu weka kwenye kachungu ka Wakisi, vile vyenye michoro vinavyofinyangwa na kinamama wa Ikombe kule Matema, ukimpata mtu anakwenda Kyela mwagize. Kingine kikubwa panda ua la kivulini. Nyuma yako pale panapoonekana kwenye video tundika kitenge kimoja tu kwenye fremu ya picha ya zamani, hizo fremu zipo mitumbani, unatoa picha ya watu wa watu unaweka kitenge unapiga pini kwa nyuma. Kimoja. Ukijaza ukuta mteja anaangalia ukuta haangalii hesabu.

KijanaWaKihesa

Namuunga mkono mama kwa yote ila kwenye meza niongeze. Ukibahatika ukakuta meza ya mninga imepakwa rangi juu, usipake rangi nyingine juu yake naomba sana. Ule ubao ukisafishwa ukapakwa mafuta ya mbao rangi yake inatoka yenyewe kahawia nzuri, na siku hizi mninga ni ghali watu wanaufukia chini ya rangi nyeupe kisa wameona kwenye simu. Paina paka utakavyo. Na ukiwa Iringa pitia Neema Crafts, wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu, wanatengeneza hadi karatasi za kinyesi cha tembo, kadaftari kamoja kale mezani kanapendeza kuliko mapambo ya plastiki.

BintiWaIsyesye

Jamani ndaga fijo. Shikamoo mzee FundiMbao, shikamoo mama.

Leo nimezunguka. Kiti nimepata cha wavu, nimekikalia nikamsimulia muuzaji habari za VAT mpaka akachoka, hakijashuka hata kidogo, nimekichukua. Nimeona vitu viwili naomba msaada kabla sijalipa. Cha kwanza kabati la chuma la mafaili, droo nne, zuri sana, lakini ubavuni kuna namba zimeandikwa kwa rangi zimekwanguliwa nusu, muuzaji anasema hana karatasi yoyote. Cha pili meza ya kizamani ina droo mbili, nzito, rangi ya kijani inabanduka vipande vipande, kwa chini ambapo hapajapakwa mbao ni kahawia nyekundu.

Waya230

Kabati liache. Hizo namba ni za mali ya ofisi fulani, mara nyingi ya umma. Vitu chakavu vya serikali vinauzwa kihalali kwa mnada uliotangazwa, na aliyenunua anapewa stakabadhi, kwa hiyo kama lingekuwa limenunuliwa mnadani karatasi ingekuwepo na hakuna ambaye angehangaika kukwangua namba. Likikutwa kwako maswali unaulizwa wewe. Hata kwa vitu vingine andikishianeni, jina, namba ya simu, kitu gani, bei, tarehe, na mjumbe wa mtaa akishuhudia ni bora zaidi. Subiri mnada, matangazo yanabandikwa kwenye mbao za matangazo za halmashauri na ofisi za serikali.

KijanaWaKihesa

Meza hiyo chukua leo usilale!!! Nzito na kahawia nyekundu chini, inawezekana kabisa ni mninga.

FundiMbao_Mafinga

Marahaba binti. Chukua ila nisikilize kwenye kuitoa rangi. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na ile inayobanduka vipande ndo mbaya, ukipiga msasa mkavu vumbi lake unalivuta, na watoto wakilishika wakala inawadhuru akili. Usiiingize ndani. Fanyia nje, mbali na watoto na kuku, tandika turubai chini, lowesha rangi kwa maji, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, usiichome kwa moto wala usitumie mashine. Mabaki yote kusanya ndani ya mfuko ufunge, usimwage kwenye bustani ya mboga. Nguo ulizovaa zifue peke yake. Kama una mtoto mdogo au una ujauzito mpe fundi aifanyie kwake.

Ikitoka rangi anza msasa namba 120 malizia na 240, ufuate nyuzi za mbao usikate kwa kupinga, futa na kitambaa kibichi, ikikauka ndo upake mafuta. Mninga huo ukimaliza utanitumia picha.

BintiWaIsyesye

Ninaye wa miaka mitatu kwa hiyo nitampa fundi. Nimeshalipa, guta linaileta kesho asubuhi moja kwa moja kwake. Droo moja inakwama ikifika nusu, nayo nimwambie aichonge?

FundiMbao_Mafinga

Asiichonge kwanza. Mbao ikivuta unyevu inavimba, ukichonga sasa hivi kiangazi itacheza. Itoe droo nje ikauke wiki moja mbili kivulini, halafu chukua mshumaa mweupe wa kawaida usugue kwenye kingo za chini za droo na kwenye reli zake inapopita, pande zote mbili. Ikiendelea kukwama baada ya hapo, angalia palipong'aa ndo panapogusa, hapo tu apitishe msasa.