Masta ya saikolojia ya makundi na ubaguzi: Kent, Afrika Kusini au PhD Marekani?

BintiMvomero: Wakuu, salaam. Nina digrii ya saikolojia ya miaka 3, na miaka minne niko kwenye usuluhishi wa wakulima na wafugaji huku Morogoro. Nataka kusomea jinsi makundi yanavyochukiana na yanavyopatana. Nimebaki na njia tatu hizo hapo juu. Nina mtoto mdogo, na ada ya mfukoni sina. Mngekuwa nyie?

Kipanga_Ughaibuni: Mimi nimepita Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Kwa somo hili ndiyo kwao: kituo chao cha utafiti wa makundi alikianzisha Dominic Abrams mwaka 1990. Masta ni mwaka mmoja, ukigeuka tasnifu inakudai. Takwimu jiandae, mimi zilinitoa jasho. Pesa jaribu Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza: wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, unao, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Shida ni mtoto. Tangu Januari 2024 wanaosoma masta za darasani Uingereza hawaruhusiwi kwenda na familia, isipokuwa wanaofadhiliwa na serikali, kwa hiyo bila Chevening mtoto anabaki.

Njiwa77: Dada, Marekani usiogope kwamba huna masta. Idara nyingi za saikolojia zinaingiza PhD mtu mwenye digrii ya kwanza, ada wanalipa wao na posho unapata kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Mtoto kwa kawaida anakuja kwa viza ya F-2, ya familia ya mwanafunzi, ila kwanza angalia masharti ya sasa kwa Watanzania. Ila ni miaka mitano au zaidi, na kule unaomba mtu, si chuo. Barua isiyosema unataka kufanya kazi na profesa yupi, juu ya swali lipi, ni kutwanga maji kwenye kinu. Msome Elizabeth Levy Paluck wa Princeton. Alipima mchezo wa redio wa kuhimiza upatanisho, Musekeweya, kule Rwanda, na matokeo aliyochapisha 2009 yalishangaza: imani za moyoni za wasikilizaji hazikusogea sana, kilichosogea ni namna walivyoona jamii inategemea waishi vipi.

MzeeKobe: Mnamsafirisha binti wa watu hata hamjamuuliza swali lake. Mwanangu, kazini kitu gani kinakunyima usingizi?

BintiMvomero: Shikamoo mzee. Mabenchi. Tukiitisha mkutano tunayapanga duara ili watu wachanganyike. Nikiinama kuchukua daftari la mahudhurio, nikiinuka wafugaji wote wako upande wa mwembe na fimbo zao, wakulima wamebanana upande wa ofisi ya kijiji. Hakuna aliyewaambia. Halafu kwenye fomu ya tathmini kila mtu anajaza "tunaelewana vizuri".

MzeeKobe: Marahaba. Sasa hapo ndipo pa kuanzia. Fomu haitakuambia kitu.

Durban_Sana: Mzee kanifungulia mlango. Wanasaikolojia Kevin Durrheim na John Dixon walifanya kitu cha namna hiyo hiyo ufukweni Scottburgh, KwaZulu-Natal, miaka sheria za ubaguzi wa rangi zilipokwisha kufutwa. Walichora ramani: nani katandika wapi, mwavuli wa nani uko jirani na wa nani. Ufukwe mmoja, wazi kwa wote, lakini kwenye ramani ni visiwa visiwa vya rangi. Soma kazi zao, kisha usake wa kusoma naye kwenye njia hiyo. Kero sasa: huku kati ya digrii na masta kuna mwaka wa Honours, na digrii ya miaka 3 mara nyingi inakuangushia hapo. Vyeti vya nje vinapitia SAQA, mamlaka ya Afrika Kusini ya kutambua vyeti, na ufadhili unausaka kwa tochi.

Kipanga_Ughaibuni: Maabara nayo msiidharau. Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa Bristol, Uingereza, eti kwa kupenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Hawakujua nani mwenzao, na bado wakapendelea kundi lao. Hapo hakuna ng'ombe wala shamba, na upendeleo umeota.

BintiMvomero: Kaka, ila wangu ng'ombe wanao, na mahindi yameliwa kweli.

Kipanga_Ughaibuni: Hapo umenikamata 😂 Nenda Afrika Kusini.

BintiMvomero: Jumanne tuna mkutano, nitachora mabenchi kabla sijaomba popote. Durban_Sana, hiyo SAQA wanataka vyeti halisi au nakala iliyogongwa muhuri na wakili?

Durban_Sana: Angalia PM.