Likizo ya Juni Dodoma: mtoto wa miaka 9 aruhusiwe kusonga ugali?

Shangazi wa Nkuhungu

Mbukwenyi wapendwa. Naomba ushauri kwa wenye watoto nyumbani likizo hii.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Nkuhungu. Juni kwangu ni mwezi wa kazi nyingi, maana sare za shule zinatakiwa kabla watoto hawajarudi darasani Julai. Mwaka huu kaka yangu wa Dar kanitumia wanawe wawili, wamekuja na treni ya umeme: wa kike ana miaka 12, wa kiume ana miaka 9. Wakakutana na binti yangu wa miaka 6. Msichana anayenisaidia kazi ameomba ruhusa, yuko kwao Kondoa wanavuna. Kwa hiyo watoto watatu wanashinda na mimi kutwa. Nawaona na kuwasikia, lakini mikono yangu iko kwenye marinda ya sketi.

Siku za mwanzo zilipita kwa chipsi na mkate. Hela inaondoka na watoto hawashibi. Mara mama yangu kijijini, upande wa Mvumi, akatuma kiroba cha karanga mpya, uwele na mfuko wa mlenda mkavu. Nikafurahi kweli. Nikasema sasa hawa watapika wenyewe. Sitaki waishie kuosha vyombo na kutumwa chumvi. Wapike chakula chenyewe, wajue babu zao walikula nini na kinaandaliwaje. Baba yao alikulia kwenye mlenda huu huu, na wao hawajui hata unafananaje.

Tatizo ni moto. Huyu wa miaka 9 ndiye mwenye hamu kuliko wote, kila siku ananiomba asonge ugali. Nina jiko la gesi lile dogo linalokaa juu ya mtungi wa kilo 6, na jiko la mkaa uani. La gesi lipo juu, na sufuria inayumba hata nikisonga mimi mwenyewe. La mkaa lipo chini, lakini upepo wa Dodoma mwezi wa sita mnaujua, cheche zinafika kwenye kamba ya nguo. Na huyu mdogo wa miaka 6 hataki kuachwa nyuma, wenzake wakiingia jikoni naye yumo.

Kwa uzoefu wenu, kila umri mnaupa kazi gani? Nataka kazi ya kweli, mtoto akila ajue mkono wake umo. Moto mnawaruhusu lini? Na ugali wa uwele wameusogeza pembeni, wanasema una rangi ya kijivu na unanata.

Baba Wawili, Kisasa

Dada, pole na majukumu. Nina vijana wawili wa kiume na wote wameanza kupika na miaka 8. Mimi nasema mwachie, ila umtengenezee mazingira.

Jiko la gesi la juu ya mtungi lisahau kabisa kwa mtoto. Tumia la mkaa. Mimi nilichimba kishimo kidogo uani, jiko likazama kidogo, halitikisiki hata ukilisukuma kwa mguu. Pande tatu nikazungushia matofali ya kuchoma, upande ulio wazi ukae kinyume na upepo. Upepo wetu msimu huu unatoka zaidi mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo mlango wangu unatazama magharibi. Cheche zikaisha.

Halafu sufuria iwe ndogo. Watu wengi wanampa mtoto sufuria ya familia nzima, mwiko mrefu kuliko mkono wake, kisha wanasema hawezi. Asonge ugali wa watu wawili. Uji ukishaiva mimi natia unga, naipua sufuria, naiweka chini kwenye ngata. Mtoto anachuchumaa anasonga pale chini, mwenzake ameshika sufuria kwa vitambaa viwili. Ukishakaza naurudisha motoni umalizie kuiva. Kijana wa miaka 9 anaweza hiyo kazi vizuri sana, na akishaweza atataka kupika kila jioni.

Nesi, Makole

Nakubaliana na Baba Wawili kuhusu ngata na sufuria ndogo. Sikubaliani na mtoto wa miaka 9 kusimama kwenye uji unaochemka. Uji wa ugali unaruka, ukitua kwenye ngozi unaganda pale pale na joto lake haliishi upesi kama la maji. Usoni na kifuani kwa mtoto ni jeraha kubwa. Kwa hiyo mpaka anafika miaka 11 au 12, hatua ya uji ni ya mtu mzima. Ashike mwiko sufuria ikishaipuliwa, basi. Huo ndio msimamo wangu na sitaulegeza, kwa sababu hao watoto huwa naletewa mimi.

Mambo mengine ambayo naomba usiyapuuze, dada:

Weka ndoo ya maji safi na kopo karibu na jiko kabla moto haujawashwa, maana maji ya bomba huku ni ya mgao na siku ya ajali huwezi kujua kama yatakuwepo. Mtoto akiungua, mwagia maji ya kawaida taratibu mfululizo kwa dakika 20. Dakika 20 kamili, hata akilia. Vua bangili au nguo iliyolowa, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, unga, asali wala mafuta ya taa. Funika kwa kitambaa safi umpeleke kituo cha afya.

Masweta ya Juni yana mikono mirefu inayoning'inia. Wakunje mikono mpaka kwenye kiwiko, na binti afunge nywele.

Mtungi wa gesi afungulie na kufunga mtu mzima tu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya chini, kwa hiyo mlango uwe wazi. Ukishuku inavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, usiwashe kitu.

Na kwa sababu ni msimu wa baridi, nawasihi wote mnaosoma hapa: jiko la mkaa likibaki na makaa baada ya kupika, msiliingize chumbani kuota moto. Mkaa unatoa gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanalala na hawaamki. Watoto wanapoona makaa bado mekundu ndio wa kwanza kuomba liingizwe ndani.

Mwalimu Mstaafu, Mvumi

Mwanangu, nimefurahi sana kusoma swali lako. Mama yako amefanya jambo jema na ningependa nikueleze hivyo vitu vitatu alivyotuma, maana kazi za watoto zimo humo humo. Watu wanadhani kupika kunaanza jiko likiwashwa. Kazi kubwa ya chakula chetu cha Ugogo iko kwenye ungo, kinu na mikono, na huko mtoto haungui.

Anza na karanga. Huyo wa miaka 6 amenye. Vidole vyake ni vidogo na vyepesi, atakushinda wewe. Yule wa miaka 9 mpe ungo na kazi ya kuchambua, na hii umweleze kwa uzito wake. Kila karanga iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa na wadudu, itoke. Mwambie kuna fangasi wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, wanatengeneza sumukuvu, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mkoa wetu na kule Manyara, kwa mahindi waliyokuwa nayo majumbani. Mtoto akilijua hilo anaelewa kwamba mchambuaji ndiye mlinzi wa chungu. Zilizotolewa zifukiwe, wasiwape kuku. Na yeyote anayeonja karanga chungu ateme.

Nimefundisha watoto miaka mingi. Ukimpa mtoto kazi ambayo hata akiikosea hakuna kitakachotokea, anaijua na anaichoka. Ukimpa kazi ambayo chakula cha watu wote kinaitegemea, anakaa.

Mlenda mpe binti wa miaka 12, uwe wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mboga inayomfaa anayejifunza kwa sababu haichukui muda. Maji kidogo yachemke, tia magadi, tia nyanya zilizokatwa ndogo ndogo zilainike. Kisha mlenda mkavu unyunyizwe taratibu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukizungusha upekecho, usipofanya hivyo unafanya mabonge. Mwisho karanga zilizotwangwa na chumvi. Usifunike sufuria, mlenda unapenda kufura na kumwagika. Karanga wazitwange wenyewe kwenye kinu, wakipokezana. Ukiona mlenda unavutika kwenye mwiko kama uzi na karanga imeonekana juu, umeiva.

Sasa uwele. Usiwalaumu watoto, wamezoea sembe nyeupe. Changanya: sehemu moja ya uwele kwa mbili za mahindi, siku zinavyokwenda uongeze uwele. Halafu wasimulie kwa nini ni uwele. Dodoma mvua inanyesha msimu mmoja, toka Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka wa kawaida haifiki hata milimita 600. Mahindi yanaweza kukauka shambani na uwele ukasimama. Mababu zao walivuka miaka ya njaa kwa huo uji wa kijivu. Wangu wote watano walisikiliza hayo huku wanakula, na hawakuacha kitu kwenye sinia.

Likizo Njema, Chang'ombe

Shikamooni. Mimi nipo kidato cha pili, naomba niseme kwa upande wetu. Kinachotukera ni kupewa sehemu za mwisho tu, kumenya vitunguu na kuosha masufuria yaliyoungua, halafu mgeni akija anaambiwa mama ndiye aliyepika. Huyo dada wa miaka 12 akipika mlenda, baba yake apigiwe simu aambiwe ni nani aliyepika. Atapika tena kesho yake bila kuitwa.

Shangazi wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Nimekaa usiku nikasoma yote, nikaamua nimfuate Nesi kwenye uji na Baba Wawili kwenye ngata na matofali. Jana jirani alinipa matofali mabovu, tukachimba kishimo karibu na ukuta.

Karanga zimefanya kazi ambayo sikuitegemea. Huyu kijana wa miaka 9, ambaye hakai chini dakika mbili, alikaa na ungo mpaka adhuhuri. Alinijia mara nyingi kwenye cherehani na punje mkononi: shangazi, hii inyauke kiasi gani ndiyo itoke? Ikabidi nizime mashine nikae naye. Nikamwonyesha iliyokomaa ikakauka vizuri, ngozi yake imekaza, na ile iliyosinyaa ndani ya ganda. Akashika haraka. Mdogo wake akimenya akiona yenye ukungu anaipeleka kwake kwa heshima kabisa, kana kwamba anampelekea daktari. Jioni akasonga ugali kwenye ngata, wa kwake na wa dada yake. Ulikuwa laini upande mmoja, na waliula wote.

Mtoto wa miaka 6 nimempa pia juisi ya ubuyu. Haina moto hata kidogo. Analoweka ubuyu kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, anakoroga mpaka unga uachane na mbegu, tunachuja, anaonja sukari yeye mwenyewe. Huo ni wake, hakuna anayeugusa.

Nina maswali mawili. Magadi natia kiasi gani kwa sufuria ya watu wanne? Mlenda wa kwanza ulikuwa na ladha ya sabuni kidogo. Na uwele nisage wote kwa pamoja au kidogo kidogo? Mashine ipo mbali na kwangu.

Nesi, Makole

Hongera sana dada. Huo ubuyu uwape pamoja na chakula, wasingoje baadaye. Uwele una madini ya chuma, na vitamini C ya ubuyu inausaidia mwili kuyachukua. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, kwa hiyo isogezwe mbali na mlo.

Mwalimu Mstaafu, Mvumi

Magadi, mwanangu, ni ya kubana kwa vidole viwili, hayafiki hata nusu ya kijiko cha chai. Yayeyushe pembeni kwenye kikombe cha maji, acha mchanga utuame, umimine maji ya juu tu. Yakizidi ndiyo hiyo ladha ya sabuni, na yanaharibu vitamini kwenye mboga. Kama nyanya zako ni mbivu sana, punguza zaidi.

Uwele usiusage wote. Una mafuta ndani yake, na unga wake ukikaa unachacha na kuwa mchungu, hasa ukiwa kwenye mfuko wa nailoni karibu na jiko. Saga wa wiki moja, nafaka iliyobaki ikae kavu kwenye kiroba juu ya kichanja, isiguse sakafu. Kabla ya kupeleka mashineni kijana apepete na kutoa mawe, ungo si anao tayari. Wende naye mashineni mara moja, aone unga unavyotoka wa moto.