Wakaguzi wa jiji wanataka kuingia ndani kwangu, naweza kuwagomea?

Mpangaji_Mpole: Wakuu habari zenu. Jana nimerudi nikakuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, ina muhuri wa jiji, eti Jumatano ijayo wanakagua nyumba zote za kupangisha mtaa huu na vyumba vyote vifunguliwe, mpangaji asipokuwepo mwenye nyumba atafungua kwa funguo zake za akiba. Sasa mimi kodi nalipa kwa wakati, sina ugomvi na mtu, kwa nini mtu nisiyemjua aje aangalie kitanda changu na nguo zangu nilizoanika? Naomba ushauri tu, naweza kugoma? Tangu jana sijapata usingizi.

Kitasa_Kibovu: Pole mkuu. Mimi walinikuta naoga, nasikia sauti sebuleni natoka na taulo, mwenye nyumba anawaonyesha bomba la jikoni na mimi napitwa tu kama kiti. Wakaandika ukuta una unyevu. Mwenye nyumba akapaka rangi juu ya ukungu, baada ya miezi miwili ukarudi na kodi ikapanda.

Mama_Wawili: Anua nguo, funga droo, wafungulie. Wale wanaangalia waya, king'ora cha moshi, unyevu, na moto ukiwaka mtu anatokea wapi. Hakuna anayekuja kusoma barua zako. Kama huna cha kuficha unaogopa nini?

Wakili_wa_Kijiweni: Dada hapo kwenye "huna cha kuficha" sikubaliani na wewe. Marekani kuna kesi ya Camara ya 1967, mpangaji wa San Francisco aliwagomea wakaguzi wa jiji wakamshtaki, ikafika hadi Mahakama ya Juu na majaji 6 kwa 3 wakasema mpangaji akikataa nendeni mkachukue kibali cha mahakama kwanza, labda iwe dharura. Ila kibali chenyewe si kigumu kupata, hawalazimiki kuthibitisha kwamba chumba chako wewe ndicho kibovu, hali ya majengo ya eneo zima inatosha. Kwa hiyo kugoma kunakununulia siku tu. Kwako wewe soma mkataba na sheria ndogo za jiji lenu, na ukiwafungulia uwepo mwenyewe, uwaombe vitambulisho, wapige picha ubovu tu na si vitu vyako. Halafu huyo Camara alikuwa anaishi sehemu ya jengo ambayo haikuruhusiwa mtu kuishi. Sasa nawe mkuu, mle ndani kuna nini?

Mpangaji_Mpole: Hakuna kitu. Ni faragha tu.

Mama_Wawili: Mtu mzima akose usingizi kwa ajili ya nguo za kuanika? Sema ukweli usaidiwe.

Mpangaji_Mpole: Haya basi. Kuna stoo pembeni ya jiko, nimemwekea godoro kijana mmoja analala, ananichangia kidogo kwenye kodi. Mwenye nyumba hajui. Stoo haina dirisha ila ni safi, taa nimevuta waya kutoka jikoni nikaupitisha juu ya mlango nikaufunga selotepu vizuri kabisa. Na msinihukumu, nimemsaidia mtu ambaye hakuwa na pa kulala. Kitasa kipya nimeshanunua kiko hapa mezani, nabadilisha kesho, funguo za mwenye nyumba zisifungue.

Fundi_Umeme: Selotepu vizuri kabisa 😂😂 Ikipata joto inaachia yenyewe hiyo.

Kitasa_Kibovu: Kitasa cha aina gani? Usinunue vile vyepesi.

Mama_Wawili: Acheni vitasa! Moto ukianzia jikoni huyo kijana anatokea wapi?

Msoma_Nyuzi: Subirini wakuu. Huyu huyu mwezi uliopita alileta uzi anauliza jinsi ya kumtoa mpangaji asiyelipa. Leo yeye ndiye mpangaji anaonewa? Hii chai.

Fundi_Umeme: Tena chai ya rangi. Nami nimeshaanza kuhurumia.

Mpangaji_Mpole: Sio chai jamani. Mpangaji niliyemuulizia ni huyo huyo kijana. Alichelewesha wiki tatu, akalipa, yakaisha.

Wakili_wa_Kijiweni: Ahaa. Kwa hiyo kumbe nawe ni mwenye nyumba. Alipochelewesha ulikuwa unaingia stoo bila hodi?

Mpangaji_Mpole: Mle kuna ndoo zangu na pasi, lazima niingie.

Mama_Wawili: Yeye kitasa anacho?

Mpangaji_Mpole: Stoo haifungiki kwa ndani.

Mama_Wawili: Na ile karatasi ya jiji ulimwonyesha?

Mpangaji_Mpole: Bado. Huwa anarudi usiku amechoka. Nimeiweka kwenye droo.

Kitasa_Kibovu: Droo inafungika?